Tusiizime Taa Inayotuonya

Ajali haina kinga, ndivyo walivyonena wahenga. Methali hii naisikia kila mahali: mazishini, kwenye matatu, na hata kwa makanika aliyelala chini ya gari. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini katika jambo hili naomba ruhusa ya kubishana nao kidogo. Ajali nyingi za barabarani zina kinga, na mara nyingi kinga yenyewe imo ndani ya gari tayari. Shida ni kwamba tunaizima sisi wenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami nawasihi mnisome hadi mwisho kabla ya kunipinga.

Kwanza tuyatazame magari yenyewe. Mengi ya magari madogo tunayoyaona hapa Kericho na Bomet yalitumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo gari linaloitwa jipya huku kwetu leo lilitengenezwa wakati Wajapani walikuwa tayari wanayatia magari yao mitambo mingi ya kumsaidia dereva. Kuanzia Novemba 2021, serikali ya Japani iliamuru kila muundo mpya wa gari dogo la kwao uwe na breki ya kujifunga yenyewe. Hata Probox, hii hii inayotubeba kutoka Litein hadi Kaplong, zile za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na mitambo kama hiyo. Gari sasa lina macho na mdomo. Lakini jamani, mdomo wenyewe unasema Kijapani! Dereva akiwasha injini asubuhi, sauti ya mwanamke asiyeonekana inatamka maneno, abiria wanacheka, dereva anaongeza sauti ya redio. Pengine mama huyo anasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, kadi ambayo huku haina kazi. Lakini siku atakaposema jambo la maana, ni nani atakayemwelewa?

Nchi yetu ya chai ni tamu kuitazama lakini ni ngumu kuiendeshea gari. Ina miteremko mirefu, ina mvua karibu kila mwezi, ina ukungu wa asubuhi na mvua ya mawe ya alasiri. Trekta lenye majani mabichi hutoka shambani na kuingia barabarani likiwa limeacha udongo mwekundu juu ya lami. Pembeni tupo sisi wanafunzi wa kutwa, kwa miguu, asubuhi na jioni. Hakuna asiyekumbuka tarehe 30 Juni 2023 pale makutano ya Londiani, lori lililobeba kontena lilipopoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi, bodaboda na magari mengine. Watu zaidi ya 50 walikufa. Kabla ya hapo, tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilianguka alfajiri huko Fort Ternan, na hapo pia waliokufa walizidi 50. Sisemi kwamba kifaa fulani kingaliwaokoa marehemu hao, kwani hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nasema tu kwamba katika nchi ya milima kama hii, dereva anahitaji kila onyo analoweza kupewa.

Je, sisi tukipewa onyo hufanya nini? Historia inatujibu. Tarehe 1 Februari 2004, sheria za waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutumika. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Wananchi walishangilia. Baadaye ikawaje? Vidhibiti mwendo vingi vilichezewa na mafundi mpaka vikawa sanduku tu lililofungwa waya. Mikanda mingi ikaingia uchafu, ikakatika, nyingine ikabaki ya kuvutwa mbele ya kizuizi cha polisi na kuachiliwa baada ya kizuizi. Tulipewa msaada, tukaugeuza mapambo.

Ugonjwa ni ule ule hata leo, ila dalili zimebadilika. Gari likilia ti-ti-ti kwa sababu dereva hajafunga mkanda, yeye huufunga mkanda nyuma ya mgongo wake ili gari linyamaze. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huambiwa, "Toa hiyo taa, inanisumbua." Jirani yetu mmoja alinunua gari mwaka jana akaambiwa na muuzaji, "Mzee, hii gari haina shida hata moja." Dashibodi ilipofunguliwa baadaye, nyuma ya alama ya ABS palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya fundi wa stima. Taa ilikuwa ikiwaka siku zote hizo gizani! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliyebandika tepu ile hakutengeneza breki. Alimnyima mwenzake habari.

Kumbe kuna njia rahisi ya kumkamata mdanganyifu wa namna hiyo. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa za onyo zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha zizimike, maana gari linajikagua. Taa ya ABS au ya mfuko wa hewa isipowaka kabisa wakati huo, usifurahi. Uliza imeenda wapi.

Na lugha ya taa si ngumu kama Kijapani. Rangi yake inafanana na ile ya taa za barabarani. Kijani au buluu husema kitu fulani kinafanya kazi. Njano husema gari lipelekwe kwa fundi upesi. Nyekundu husema simama mahali salama, sasa hivi. Alama nyekundu ya kopo la mafuta ina maana kwamba oili haisukumwi vya kutosha ndani ya injini, na kuendelea hata kilomita chache kunaweza kuiua injini. Alama nyekundu ya kipimajoto ina maana injini imechemka, wala mtu asifungue kifuniko cha rejeta wakati huo kwani maji yatamrukia usoni. Alama nyekundu ya breki isiyozimika baada ya kuteremsha breki ya mkono huweza kumaanisha kwamba mafuta ya breki yamepungua. Hiyo si ya kungoja mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwa wale wanaosema kwamba mitambo hii huwafanya madereva wavivu. Hao wana haki yao kidogo. Dereva anayedhani gari litajisimamisha lenyewe ni hatari kuliko yule asiye na mtambo wowote. Lakini kosa hapo ni la kutojua. Mimi nalinganisha mitambo hii na makanga mzuri. Makanga humwambia dereva, "Shika breki, kuna mtoto nyuma," lakini hashiki usukani. Tena makanga naye ana mahali asipoona. Kamera ya kioo cha mbele haioni vizuri katika ukungu wa Kedowa, wala kioo kikiwa na matope au stika iliyobandikwa mbele yake. Mtambo wa kulinda mstari wa barabara hauna la kufanya kwenye barabara ya changarawe ya kwenda kituo cha chai, kwa sababu mstari wenyewe haupo. Na kioo cha mbele kikivunjwa na mawe kikawekwa kingine, kamera inapaswa kupimwa upya ili itazame mahali panapofaa. Mafundi wangapi wa kando ya barabara humwambia mteja jambo hilo?

Tuchukue ABS kama mfano. Kazi yake ni kuzuia magurudumu yasikwame dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, ili usukani uendelee kumtii. Inapofanya kazi, pedali hutetemeka chini ya mguu na kutoa mlio wa kukwaruza. Dereva asiyejua hushtuka akaondoa mguu, na hapo ndipo anapopoteza msaada aliokuwa akipewa. Wazee waliojifunza na magari ya zamani hukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Kwa gari la ABS inatakiwa kukanyaga kwa nguvu bila kuachia, huku ukikwepa kwa usukani. Hata hivyo, juu ya changarawe gari lenye ABS laweza kusimama mbali zaidi kuliko lisilo nayo. Kwa hivyo dawa ya barabara za mashambani imebaki ile ile ya tangu jadi: punguza mwendo.

Isitoshe, mtambo hauwezi kuizidi tairi. Kompyuta hata iwe na akili namna gani, mwisho wa yote gari hushikwa na vipande 4 vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja hivi. Tairi ikiwa kipara, juu ya lami iliyolowa hakuna mtambo utakaoisaidia. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna karatasi inayoonyesha presha ya tairi. Wajapani huiandika kwa kPa, na pampu nyingi za petroli stesheni zetu husoma PSI. Gawanya namba ile kwa 6.9. Kama imeandikwa 220, utapata karibu 32. Pima tairi ikiwa baridi, kabla ya safari. Umri wa tairi nao umeandikwa ubavuni: tarakimu 4 kama 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Breki nazo zina fizikia yake. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati yake haiongezeki mara 2 bali mara 4, na breki huigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Kwenye mteremko mrefu joto hujilimbikiza. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hivyo yakizeeka huchemka mapema, na yakichemka pedali huzama chini kama sifongo. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Na dereva ateremke kwa giya ya chini, au kwa alama L au B kama gari ni la otomatiki, ili injini isaidie kulizuia gari. Wale wanaotoa giya ili gari liteleze na kuokoa petroli wanaokoa shilingi na kuuza roho zao, na za abiria pia.

Najua kuna atakayeniambia, "Wewe mtoto, pesa zitatoka wapi?" Ni swali la haki. Kihisi kimoja chaweza kugharimu pesa nyingi. Lakini huku kwetu tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Bonasi ya chai ikilipwa, wengine hununua gari kwa pesa zote mpaka senti ya mwisho, bila kubakiza chochote cha matengenezo. Mbona ng'ombe akinunuliwa hukumbukwa dawa ya kupe? Tena mengi niliyoyataja hayahitaji pesa. Kupangusa kamera kwa kitambaa hakuna gharama. Kutazama kiwango cha oili na mafuta ya breki ni kazi ya dakika 5. Kufunga mkanda mbele ya kifua badala ya nyuma ya mgongo ni bure. Na ieleweke kwamba mfuko wa hewa umeundwa ufanye kazi pamoja na mkanda. Asiyefunga mkanda hutupwa mbele huku mfuko ukifumuka kumkabili, na badala ya kuokolewa anaweza kuumizwa nao.

Nini basi kifanyike? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule za udereva zifundishe taa za dashibodi na mitambo mipya kwa uzito ule ule wa alama za barabarani. Pili, chama chetu cha Kiswahili kiandae chati kubwa yenye picha za taa hizo na maelezo kwa Kiswahili rahisi, tuipeleke kwenye stendi za matatu na vituo vya chai. Tunajisifu kila mwaka kwa mashairi na mijadala. Mbona lugha yetu isimsaidie dereva aliyeachiwa kitabu cha Kijapani? Tatu, sisi abiria tufungue vinywa. Si lazima kugombana na mtu mzima. Inatosha kusema kwa adabu, "Mzee, samahani, hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Kuuliza si ujinga. Gari zima likiuliza, dereva atatafuta jibu.

Nimalizie kwa wahenga wale wale niliobishana nao, kwa maana wao pia walituambia tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari siku hizi huja kwa rangi ya njano na mlio wa ti-ti-ti. Anayeibandika tepu hajaiondoa hatari barabarani. Amemziba macho dereva, nasi tunaotembea kando ya barabara ndio tutakaogongwa. Kwa hayo, naomba kutoa hoja.