Kifungua kinywa cha Washami na dengu za Migato

Kila mwaka mvua zinapoelekea ukingoni, ukipita Migato na vijiji vingine vya wilaya yetu ya Itilima utaziona mbuga zenye udongo mweusi zimegeuka kijani. Hizo ni dengu. Huota kwa unyevu unaobaki ardhini, huvunwa kiangazi, hutiwa kwenye magunia, kisha huondoka. Lori huja, magunia hupakiwa, fedha huhesabiwa, na habari inaishia hapo. Katika nyumba nyingi ninazozijua, jikoni hazibaki hata za kujaza bakuli.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kifungua kinywa, na kwa idhini yako nitapitia mbali kidogo, nchi ya Sham, yaani Syria na majirani zake, kwa sababu watu wa huko wameifanya dengu hii hii kuwa fahari ya meza ya asubuhi.

Aliyepita madrasa anajua kwamba neno letu futari lina asili moja na lile ambalo Waarabu hulitumia kwa chakula cha asubuhi. Ni kukata njaa ya usiku. Washami hawakikati kwa chai na andazi. Mezani huwekwa ful, maharage mapana ambayo huku kwetu Simiyu hatuyalimi, yaliyopikwa kwa moto mdogo usiku kucha mpaka yakalainika, yakatiwa limao, kitunguu saumu, bizari nyembamba na mafuta ya zeituni. Pembeni kuna hummus, na hummus kwa Kiarabu ni jina la dengu yenyewe. Huchemshwa, husagwa, ikachanganywa na tahini ambayo ni ufuta uliosagwa, na limao juu yake. Kuna labne, mtindi uliochujwa kwa kitambaa mpaka ukawa mzito kama siagi. Kuna zeituni, jibini, matango, nyanya, majani ya nanaa, biringanya ndogo zilizojazwa viungo na kuhifadhiwa katika mafuta, na zaatari iliyochanganywa na ufuta ya kuchovyea mkate. Siku ya Ijumaa, ambayo kwao ni mapumziko, watu wa Damascus hupenda fatta: mkate mkavu unavunjwavunjwa, unalowekwa katika maji yaliyochemshiwa dengu, juu zinawekwa dengu zenyewe, mtindi wenye tahini na samli ya moto. Anayeijua tharidi ataona kwamba hawa ni ndugu.

Vita vilivyoanza mwaka 2011 viliwatawanya Washami wengi, na popote walipofika walifungua migahawa: Istanbul, Cairo, Berlin. Vijana wetu waliosoma Khartoum kabla ya vita ya Aprili 2023 nao wanaijua ful, maana Msudani bila ful asubuhi hajala. Mimi mwenyewe nilipokuwa na safari ya Dar es Salaam, mwenyeji wangu alinipeleka mgahawa wa vyakula vya Sham, saa nne asubuhi, wakati ambao huku kwetu mtu ameshatoka shamba. Visahani vilipangwa mpaka pa kuweka kiwiko pakakosekana. Nilikula, nikafurahi, alhamdulillah. Sioni ubaya Muislamu kufurahia chakula halali kilichopikwa vizuri, na wale wanaodhani kila anayekula hotelini amefanya israfu wanakaza palipolegezwa. Lakini bei ya kisahani kimoja cha hummus ilinifanya nihesabu mara mbili. Ilitosha kununua kilo kadhaa za dengu katika soko letu. Tena mgahawani nilikuta kwamba jambo la kuangaliwa ni wingi wa visahani: mtu hula kwa macho, na nusu ya vilivyoagizwa kwenye meza za jirani ilirudi jikoni kwenda kumwagwa. Mtume (SAW) ametufundisha kuacha nafasi tumboni kwa maji na kwa pumzi, na meza ya namna ile huijaribu sunna hiyo.

Sasa tuitazame meza ile kwa jicho la mtu wa Migato. Dengu tunazo. Ufuta unalimwa nchini. Ng'ombe wapo, na mtindi Msukuma hafundishwi. Limao, kitunguu saumu na nyanya ziko gulioni. Kinachokosekana ni mafuta ya zeituni tu, na hayo si nguzo ya chakula hiki, alizeti inatosha. Pwani wenzetu hawakuhitaji Mshami awafundishe. Mombasa, Tanga na Zanzibar wanakula mbaazi za nazi kwa mahamri tangu enzi za mababu, na bajia zao za kunde ni dada wa falafel. Ni sisi tunaoilima dengu ndio tunaoiona mboga ya siku ambayo nyama haipo.

Mimi ni tabibu, na kila siku asubuhi watu wanaokuja huwauliza wamekula nini. Jibu ni lile lile: chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi, au chai na kiporo cha ugali. Mtoto wa darasa la kwanza anatembea kwenda shule akiwa na maji matamu tumboni. Saa mbili baadaye sukari ile imeshuka, anasinzia, na mwalimu anamwita mzembe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto asilimia 30 wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Kudumaa hakuletwi na asubuhi peke yake, lakini asubuhi ni theluthi ya mlo wa siku, na sisi tumeitupa.

Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina karibu gramu 9 za protini na gramu 7 hadi 8 za nyuzinyuzi. Wanga wake huyeyuka polepole, kwa hiyo sukari ya damu haipandi kwa kishindo, jambo ambalo mgonjwa wa kisukari anapaswa kulijua kabla ya kuuliza dawa za majani. Zina madini ya chuma pia, na hapa Washami wana busara na wana kosa. Busara ni limao: vitamini C iliyomo husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mikunde. Kosa ni chai nyeusi wanayoinywa papo hapo, maana chai huyazuia madini hayo hayo. Mama mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu wale kwanza, chai ingoje saa moja au zaidi. Sukari nayo Washami hawaionei huruma, wala sisi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Mtu wa vikombe viwili vya asubuhi, kila kimoja vijiko vinne, ameshapita kabla jua halijapanda. Na mwenye shinikizo la damu asivutwe na zeituni na jibini za chumvi kwa kuwa tu zimetajwa kuwa vyakula vya nchi zenye baraka.

Lipo jambo ambalo nitalisema waziwazi hata kama wapo watakaonuna. Siku za mnada utawakuta akina baba tangu saa moja asubuhi wamekaa hotelini, supu ya ng'ombe mbele yao, chapati mbili, soda juu yake. Nyumbani, mama na watoto wana chai ya rangi. Fedha za supu ile mara nyingi ni fedha za dengu alizopalilia mama. Mtume (SAW) ameonya vikali juu ya mtu kuwapuuza wale ambao riziki yao iko mikononi mwake. Mshami akienda mgahawani Ijumaa huenda na familia yake, na asipokuwa na uwezo humtuma mtoto na bakuli akanunue ful waje kula wote nyumbani. Desturi hiyo ndiyo ningependa tuiige kabla ya mapishi. Desemba 2017 India ilipoweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu zinazoingia nchini kwake, kisha ikauongeza mwaka 2018, wakulima wa mikunde Tanzania waliona bei zikianguka. Magunia yalilala ndani, wenye nyumba wakalalamika, na hata wakati huo watoto waliendelea kunywa chai ya rangi wakiwa wameegemea magunia ya chakula!

Wapo watakaosema dengu zinakula kuni. Ni kweli, na hoja hii si ndogo kwa mama anayefuata kuni mbali. Zichaguliwe mawe, zioshwe, zilowekwe tangu asubuhi kwa maji safi, na maji yale yamwagwe. Jioni baada ya kuivisha ugali, chungu cha dengu kiwekwe juu ya moto ule ule, zichemke mpaka zianze kulainika, kisha kiachwe juu ya makaa kimefunikwa. Ndivyo walivyofanya wapishi wa ful zamani, chungu kinalala na makaa. Asubuhi lazima zichemshwe tena mpaka zitokote vizuri, kwa sababu sisi wengi hatuna jokofu na chakula kilichopoa usiku kucha ni shamba la vijidudu. Magadi hulainisha haraka, ila yatiwe machache sana, na mwenye shinikizo la damu ayaache. Zitwangwe kwenye kinu kilichooshwa na kukauka, pamoja na ufuta uliokaangwa kidogo na kitunguu saumu, limao likamuliwe, chumvi kidogo. Ufuta ukikosekana, tia karanga. Mshami atanisamehe.

Anayelalamikia gesi tumboni aanze na kiasi kidogo na asiache kumwaga maji ya kulowekea. Tumbo huzoea. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula dengu zilizopondwa laini, lakini mtoto mdogo asipewe punje nzima, humkaba.

Hummus iliyosagwa iliwe ndani ya saa mbili, isiwekwe mpaka mchana. Mgahawani nako, kabla ya kuagiza, tazama mahali pa kunawia: maji yanatiririka, sabuni ipo? Chakula hiki huliwa kwa mkono, mkate unachovywa sahani moja na watu wanne, na kachumbari yake haipiki. Sisi wa Simiyu tulipigwa na kipindupindu mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, hatuhitaji kuhadithiwa. Kuchovya vidole katika beseni moja lililotumiwa na watu kumi si kunawa, ni kugawana uchafu. Amwage mtu maji kwa birika, na sabuni, kama wazee wetu walivyomnawisha mgeni. Kuhusu labne na jibini, muulize mwenye mgahawa kama maziwa yalichemshwa, na nyumbani chemsha kabla ya kugandisha. Brusela inaishi katika maziwa mabichi, na homa zake za kupanda na kushuka hudhaniwa malaria miezi na miezi.

Tahadhari ya mwisho ni ya ful. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo umeenea zaidi katika nchi zenye malaria, ikiwemo yetu. Kwa baadhi yao maharage yale mapana huvunja chembe nyekundu za damu. Aina iliyoenea zaidi Afrika huwa si kali kama ile ya Mashariki ya Kati, hata hivyo mtu aliyekula ful na ndani ya siku moja au mbili akaona mkojo una rangi ya kokakola, macho ya manjano na mwili kuishiwa nguvu, asingoje dua peke yake, akimbilie kituo cha afya na ataje alichokula. Dengu haina tatizo hilo.

Nimeulizwa na jirani mmoja, je, tubakize kiasi gani? Nyumba ya watu sita inatosheka kwa nusu kilo ya dengu kavu kwa asubuhi moja. Mkila mara mbili kwa juma ni kilo moja, na kwa mwaka ni kilo 52, nusu ya gunia la kilo mia na ziada kidogo. Zianikwe mpaka punje ivunjike ikiumwa kwa meno, zitiwe kwenye mfuko usiopitisha hewa ili fukusi wasipate pumzi, na mfuko ufungwe siku ile ile ya kupura, kabla dalali hajafika na mizani yake.