Picha ya Kitambulisho Isitoke Kwenye Simu



Katika saiba za Thika na Ruiru watu wanajaza fomu kwenye intaneti kila siku. Fomu inataka picha ndogo ya kitambulisho, na simu imepiga picha ya megabaiti 4. Wengi hutafuta tovuti ya kupunguza picha, wanaipa kitambulisho, inawarudishia faili jepesi. Sawa, lakini ile picha ya kwanza imebaki wapi? Mwenye kitambulisho hajui, mwenye saiba pia hajui.

Mimi nasema kazi hii haihitaji seva hata kidogo. Ndiyo maana programu ninayoitengeneza inafanya kila kitu ndani ya kivinjari. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ikifanywa 1200 kwa 900 zinabaki milioni 1.08, yaani karibu sehemu moja ya kumi na moja. Kivinjari kinaichora upya kwenye kanvasi, halafu JPEG inatupa tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizioni vizuri. Google walionyesha mwaka 2018, kwa programu yao ya Squoosh, kwamba jambo hili linawezekana.

Kuna faida nyingine. Picha iliyochorwa upya haibebi tena alama za GPS za mahali ilipopigwa. Na bando? Ukituma megabaiti 4 ili upunguziwe, umeshalipia uzito uleule uliokuwa unaukimbia.

Mtu ataniambia simu za bei nafuu hazina nguvu. Ni kweli, picha hiyo ikifunguliwa inakula karibu megabaiti 48 za kumbukumbu, kwa kuwa kila pikseli huchukua baiti 4. Basi tushughulikie picha moja baada ya nyingine, si ishirini kwa mpigo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka tukusanye data inayohitajika tu. Kwangu mimi inayohitajika hapa ni sifuri. Data nisiyokuwa nayo siwezi kuivujisha, wala mwizi hataikuta kwangu.

Jaribuni hivi: fungua tovuti unayoitumia, zima data, kisha punguza picha. Ikigoma, huenda picha zako zimekuwa zikisafiri.