Deni la Shangazi Halikufutwa Madhabahuni

Shangazi yangu alikuwa na kikoba chao, wanawake ishirini na watano wa mtaa mmoja mjini Morogoro. Sanduku lao la bati lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilishikwa na watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi. Kufuli hazikusaidia kitu. Mwaka ule fedha zilikuwa nyingi, wakakubaliana mweka hazina azipeleke benki, nazo hazikufika. Siku ya kuvunja mzunguko watu walikuja na hesabu zao kichwani, huyu ada ya mtoto, yule mabati ya jikoni, wakakuta mweka hazina kahama na nyumba kapangishwa mtu mwingine.

Miaka mitatu baadaye alirudi, ameokoka. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa akalia, akasema zamani alikuwa mtu mbaya, fedha za watu zilipotea mikononi mwake, lakini Yesu amemsafisha na leo yuko huru. Makofi, vigelegele, kinanda kikapanda juu. Shangazi alikuwa benchi la nne. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kueleweshwa: "Hivi Mungu amemsamehe deni langu bila kuniuliza?"

Nilikuwa kijana, nikamjibu upuuzi fulani kuhusu rehema za Mungu zisizo na mipaka. Nimekaa na swali lile miaka mingi, na leo nasema wazi: imani kwamba mtu akishatubu kwa Mungu mambo yake na watu nayo yamekwisha ni uongo. Ni uongo mtamu, unahubiriwa kila wiki kwenye makanisa ya kila aina, ya mabati na ya vioo, nao umeigeuza Habari Njema kuwa habari njema kwa mkosaji peke yake. Aliyekosewa ameachiwa kazi ya kupiga makofi.

Sikiliza shuhuda zetu kwa sikio la mwalimu wa Kiswahili. Mtoto akiangusha kikombe hasemi nimekivunja, anasema kikombe kimevunjika. Kitenzi chetu kina huruma hiyo. Kinaweza kueleza tukio zima bila kumtaja mtendaji. Nasi wakubwa tumeichukua ruhusa hiyo hadi madhabahuni. Fedha zilipotea. Ndoa ilivunjika. Nilianguka. Hata neno lenyewe tunalojivunia, kuokoka, limejengwa kwa umbo hilohilo, kana kwamba wokovu ni kitu kilichotutokea njiani kama mvua. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyotupotosha. Nasema tu kwamba katika shuhuda zote nilizosikia tangu utoto sikumbuki hata moja iliyotaja jina la aliyeibiwa, kiasi alichoibiwa, na tarehe ambayo kiasi hicho kitarudi.

Sasa tumchukue Zakayo, maana huyu tunamfahamu wote. Watoto wa Jumapili wanajua kwamba alikuwa mfupi na kwamba alipanda mkuyu. Mti wanaujua, hesabu hawafundishwi. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, mji wa njia kuu na biashara, akitajirika kwa kile alichowazidishia watu. Injili ya Luka, sura ya 19, inaeleza kwamba alisimama akatangaza mambo mawili: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hiyo mara nne ina asili yake. Katika Kutoka sura ya 22 ndiyo adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza. Kwa anayekiri dhuluma yake mwenyewe, Walawi sura ya 6 ilitaka arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kwa hiyo Zakayo angeweza kujitetea kwa kiwango kile cha chini, angepata hata wakili wa kumsaidia. Akajihukumu kwa kiwango cha mwizi aliyekamatwa. Ni baada ya hesabu hiyo ndipo Yesu aliposema kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile.

Hapa najua nitaangushiwa Waefeso sura ya 2: tumeokolewa kwa neema, matendo hayanunui kitu. Sawa kabisa, wala sijaligusa hilo. Tazama mpangilio wa kisa chenyewe. Yesu alijialika kwa Zakayo kabla senti moja haijatajwa, watu wakanung'unika kwa sababu hiyohiyo. Neema ilitangulia, bure, hadharani, bila masharti. Kilichofuata kilikuwa mtu aliyepokelewa kuona kwamba hawezi kukaa meza moja na mgeni yule huku mali za jirani ziko uvunguni. Ukiniambia umepokea neema ileile na hujasikia hata mwasho kidogo kuhusu mali iliyo uvunguni mwako, mimi nitakuuliza ni nani huyo uliyemkaribisha.

Na yule mwizi msalabani? Huyu ndiye kimbilio la mwisho. Kila mwenye deni ana mwizi wa msalabani mfukoni. Alisamehewa bila kurudisha chochote, ni kweli. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Yako iko huru, na mmoja wao umeshika simu yenye M-Pesa.

Zaidi ya hapo, Walawi inaweka utaratibu ambao ungetushangaza kama tungeusoma taratibu. Mkosaji anamlipa kwanza mwenye mali, kisha ndipo anakwenda kwa kuhani na kondoo wake. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Yesu katika hotuba ya mlimani anakwenda mbali zaidi: umekwisha kufika na sadaka, ukakumbuka ndugu ana neno juu yako, unaiacha sadaka palepale unakwenda kupatana naye. Kuna kanisa gani kwetu ambamo mzee wa kanisa angemruhusu mtu kufanya hivyo wakati kapu linapita? Ukichelewa kidogo kutumbukiza, unatazamwa.

Majirani zetu Waislamu wana msamiati safi kuliko wetu katika hili. Muulize mzee yeyote wa pwani, atakuambia kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja, na toba ya haki ya mja haikamiliki mpaka mja mwenyewe arudishiwe au asamehe kwa ridhaa yake. Neno toba tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu maana yake ni kurudi. Wakristo tumelichukua neno, tukaacha safari.

Haikuwa hivi siku zote, na hili ndilo linalonikera zaidi. Mwezi Septemba 1929, kule Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Muganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Kutokana na watu wa namna hiyo ulizuka uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Kwetu uliingia kupitia Bukoba. Tunaowaita walokole ni wajukuu wa moto ule. Lakini babu zao walikuwa na tabia ambayo wajukuu wameisahau: walikuwa wakirudisha vitu. Mtu akiokoka alikwenda kwa jirani na mbuzi, kwa mwajiri na vifaa alivyovichukua, kwa mwenye duka na fedha. Festo Kivengere, aliyekuja kufundisha Dodoma na baadaye kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alipookoka alivyopanda baiskeli safari ndefu hadi kwa Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia, ili tu amwombe msamaha uso kwa uso. Wenyewe waliita jambo hilo kutembea nuruni. Siku hizi kutembea nuruni ni jina la kwaya.

Msomaji mkali atanibana papo hapo: Rwanda hiyohiyo ndiyo iliyofika kwenye mauaji ya kimbari ya 1994. Ndiyo. Watu walichinjwa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, katika nchi ambayo sehemu kubwa mno ya raia wake walikuwa wamebatizwa. Siwezi kulizunguka hilo, na sitaki. Ila angalia kilichokuja baadaye. Mahakama za wananchi za Gacaca, zilizohukumu makosa ya mauaji hayo na kufungwa Juni 2012, zilishughulikia karibu kesi milioni mbili, na zaidi ya milioni 1.3 kati yake zilikuwa za mali: ng'ombe walioliwa, mabati yaliyong'olewa, milango, mavuno. Unaweza kuona ni dogo, kuuliza mabati mbele ya bahari ile ya damu. Wajane hawakuona ni dogo. Bati la nyumba yako likiwa juu ya nyumba ya jirani, na jirani huyo anakuombea kila Jumapili, kila mvua ikinyesha unasikia. Wapo waliolipa, wapo waliokufa bila kulipa, na wapo waliosema Mungu ameshawasamehe. Hao wa mwisho walifundishwa na nani?

Ninyi mnaosoma hapa hamjaua mtu. Basi tuje kwenye mambo yetu madogo.

Mnunuzi wa viazi anayekwenda Njombe na kununua kwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria, kisha akalipa bei ya gunia moja: huyo ana madeni kwa wakulima ambao anawajua kwa majina na namba za simu zao anazo. Mama anayeongoza maombi ya alfajiri na dada wa kazi wake hajalipwa miezi minne, kwa sababu "anakula hapahapa": Yakobo sura ya 5 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kimefika kwa Mungu kabla ya maombi ya alfajiri. Ndugu waliogawana shamba la marehemu na kumwachia mjane kipande chenye mawe, kisha wakachangia nguo za kwaya. Askari wa barabarani niliyesali naye jumuiya moja, mtu mpole kweli, aliyekuwa akisema kazi yake na imani yake ni mafaili mawili tofauti. Askari wenzake walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, Luka sura ya 3. Hakuwaambia waache kazi wala wafunge siku arobaini. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu, waridhike na mishahara yao. Hakuna mahubiri mafupi kuliko hayo, na sijawahi kuyasikia yakihubiriwa kwenye ibada ya kuwaombea askari.

Badala ya kurudisha, tumegundua njia ya mkato: sadaka ya shukrani. Fedha ya aliyeibiwa anapewa Mungu, na mwenyewe anaambiwa aamini. Mchungaji hauliziulizi, maana jengo halijaezekwa. Mtu kaiba fedha za kikoba kizima, katoa zaka kwa kanisa, na sasa anaitwa nguzo. Na asiniambie mtu kwamba kilichokwisha kuwekwa madhabahuni hakitoki. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza michango ya wanasiasa, ya Rais Ruto ikiwemo, irudishwe kutoka parokia moja ya jimbo lake. Sababu zake zilihusu siasa kuingia kanisani, si wizi, lakini hoja yangu ni nyepesi: fedha iliagizwa itoke, na dari haikuanguka.

Ipo barua ndogo ambayo wahubiri huiruka kwa sababu haina muujiza. Ina sura moja tu, aya 25. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake Filemoni, na anajua huenda Onesimo ana deni. Paulo angeweza kuandika kwamba Onesimo sasa ni kiumbe kipya, yaliyopita si ndwele. Yeye huyohuyo ndiye aliyewaandikia Wakorintho kuhusu kiumbe kipya. Lakini alipofika kwenye deni la mtu halisi kwa mtu halisi, alishika kalamu mwenyewe na kuandika kwa mkono wake kwamba deni hilo liandikwe juu yake, atalipa. Hati ya deni, ndani ya Biblia, imesainiwa na mtume. Nikiulizwa msalaba ni nini kwa lugha ya sokoni, nitamwonyesha mtu barua hiyo kabla ya Warumi: kuna mtu amebeba deni badala ya kulifanya lionekane halikuwepo.

Wapo watakaosema hawawezi kulipa, na wengine kwamba waliodhulumiwa wamekufa. Torati ilishawaza hilo. Hesabu sura ya 5 inamtafuta ndugu wa marehemu kwanza, na asipopatikana ndipo inakwenda kwa kuhani. Asiye na kitu aende mikono mitupu, agonge mlango, ataje kiasi. Kinachotushinda wengi wetu ni kugonga.

Mweka hazina yule aliendelea kusali kanisa moja na shangazi kwa miaka sita. Kila Jumapili walikutana mlangoni. "Bwana Yesu asifiwe, mama," mweka hazina alikuwa akisema, na shangazi alikuwa akijibu, "Amina, mwanangu." Shangazi hakumdai tena, wala hakuacha kumjibu. Alipofariki tukagawana vitu vyake, na mimi nikachukua daftari la kikoba, lile lenye jalada la kijani lililofungwa kwa mpira. Ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wake wa kalamu ya risasi: jina la mweka hazina, shilingi 340,000, na pembeni nafasi ya tarehe ya kulipwa, tupu.

Daftari ninalo. Mweka hazina yule bado yuko hai, na kwangu anapafahamu.