BREKI HUFUNGWA MAPEMA



Kila mwisho wa mwezi twasikia maneno yale yale katika ofisi ya tawi: "Mwezi ujao nitajizuia." Mwezi ujao waja, na mkopeshaji yuko mlangoni. Twapenda kulisema jambo hili kwa njia ya kazi yetu wenyewe.

Kila dereva anajua kwamba gari la moshi lenye mabehewa yaliyojaa shehena halisimami papo hapo. Breki zikisha fungwa bado laenda mamia ya mita, na kwenye mteremko wa kutoka Limuru kushuka Bonde la Ufa ni vigumu zaidi. Ndiyo sababu huwekwa signali ya onyo mbali kabla ya signali ya kusimama. Dereva akingoja aione hatari yenyewe amekwisha chelewa. Wala hatumwulizi kama ana moyo wa chuma. Twamwuliza alianza kufunga breki wapi.

Lakini sisi wenyewe twajipima kwa kipimo kingine. Mtu ana mshahara mfukoni, anapita mlango wa baa pamoja na rafiki zake, naye ataka nguvu za moyo zimsimamishe pale pale. Hapo ni kwenye taa nyekundu! Onyo lilikuwa asubuhi, alipokuwa na akili tulivu, angeweza kulipa kodi ya nyumba na karo kwanza, kisha akarudi kwa njia nyingine.

Tutazame hesabu. Umekopa shilingi 1,000 kwa riba ya shilingi 20 kwa kila mia, kila mwezi. Ukilipa riba tu, baada ya miezi 12 umetoa shilingi 2,400, na zile 1,000 bado unadaiwa. Mkopo wa simu nao hautaki hata utembee. Waingia kabla hujamaliza kufikiri.

Wako wasemao mfanyakazi ni maskini kwa sababu hajui kujitawala. Hatukubali. Mshahara mdogo ni mdogo hata kwa mtu asiyekunywa, na chama kitaendelea kudai haki. Lakini mwenye deni hupiga kura ya mgomo kwa sauti kubwa, na siku ya tatu humwendea msimamizi kisirisiri. Matajiri walijua hilo zamani.

Dawa tunayo tayari. Ada ya chama hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Uliweka sahihi mara moja, na tangu siku hiyo hushindani na nafsi yako. Akiba nayo iwe vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wengine wameifanya kuwa ruhusa ya kukopa mpaka hapo. Mwenye shilingi 30,000 atabaki na 10,000 za chakula, kodi na nauli. Hiyo ya sheria ni signali nyekundu. Ile ya onyo kila mtu ajiwekee mapema, na kwetu sisi hata theluthi moja ni nyingi.

Wanaotaka akiba yao ikatwe kwenye mshahara wamwone katibu wa tawi juma moja kabla ya siku ya malipo, na karatasi ya mshahara mkononi. Wenye wake waje nao, maana ndio wanaojua bei ya unga.