Tano zikiwa sawa, ya sita bado ihoji

Kijana, toa simu ufungue kikokotoo. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. Zidisha 4 kwa 4 upate 16, kisha endelea hivyo hivyo: 256, halafu 65,536. Sasa kila moja, kuanzia ile 2, iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hakuna namba inayozigawa bila kubakisha ila 1 na zenyewe.

Mfaransa Pierre de Fermat aliziona mwaka wa 1640, akaamini kwamba zote zitakazofuata zitakuwa tasa pia. Uthibitisho hakuwa nao, na alikiri hivyo kwa barua. Lakini huyo alikuwa Fermat bwana! Nani angembishia?

Ya sita ni 4,294,967,297. Itazame vizuri. Ni witiri, kwa hivyo 2 imekwama. Haiishii kwa 5 wala 0. Tarakimu zake ukizijumlisha ni 59, basi 3 nayo haiigawi. Jaribu 7, inabaki 5. Jaribu 11, inabaki 5 tena. Wengi wetu tungechoka hapo tuseme ni tasa, yaishe.

Mwaka wa 1732, Mswisi Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 tu, akaonyesha kwamba inagawika kwa 641. Ni 641 mara 6,700,417. Piga hesabu mwenyewe. Wala hakubahatisha. Baadaye alieleza kwamba namba tasa yoyote inayoigawa, ukiipunguza 1, lazima kinachobaki kigawike kwa 64. Hapo unabaki na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano! Na msingi wa njia hiyo ni kanuni ya Fermat huyo huyo.

Tumeileta hadithi hii kwa sababu ya wale "watabiri" wa mechi kwenye WhatsApp na Telegram. Ati amepatia tano mfululizo, tuma pesa akupe ya sita. Na vijana wanatuma, wengine pesa za karo.

Ona jinsi tapeli anavyoweza kuzipata hizo tano bila kujua lolote kuhusu kandanda. Anachukua watu 32. Nusu anawaambia timu ya nyumbani itashinda, nusu anawaambia haitashinda. Waliodanganywa anawaacha, anabaki na 16. Mechi ya pili anabaki na 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Huyo mmoja ameona utabiri sahihi mara tano, na yuko tayari kuapa. Akianza na watu 3,200, atabaki na 100 wa aina hiyo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, jiulize kama wewe ni mmoja wao.

Namba za Fermat nazo zimeendelea kuchunguzwa tangu wakati wa Euler, siku hizi kwa kompyuta. Hadi leo, baada ya zile tano za kwanza, hakuna nyingine iliyopatikana kuwa tasa.