Daftari la Wiki: Mikumi kwa Mfuko wa Mwananchi

Kila likizo ya shule ikiisha nasikia maneno yale yale kutoka kwa familia za Dar es Salaam zilizokwenda Mikumi: "Pazuri, lakini si pa watu kama sisi." Nikidadisi, nakuta chumba hakikuwaumiza, kwa sababu bei yake waliijua mapema na wakajipanga. Kilichowakausha ni maji ya kunywa, soda za watoto, chakula cha mchana ambacho hakimo kwenye malipo ya chumba, na mashati mawili yaliyofuliwa. Ni yale yale yanayowakuta wageni wa hoteli za ufukweni Kiwengwa au Diani. Mgeni akishaingia ndani ya uzio, duka ni moja tu.

Mikumi ina nafuu ambayo fukwe nyingi hazina: mji uko jirani. Kutoka geti kuu la hifadhi hadi Mikumi mjini ni kilometa ishirini na ushee kwa lami, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya. Malori hulala pale, mabasi ya Ifakara hukata kona pale, na kwa hiyo gesti, maduka na mama ntilie wapo wa kutosha. Kabla ya kuingia loji, simama hapo. Nunua maji ya chupa kubwa, ndizi, karanga, mkate, majani ya chai. Ukiwa na birika la umeme na chumba chenye soketi, chai ya alfajiri haitakuwa kwenye bili ya mtu.

*

Suala la milo lifikiriwe kwa utulivu. Loji nyingi hutoa bei mbili: malazi na kifungua kinywa, au malazi na milo yote. Watu huchagua ya pili kwa kuogopa usumbufu, halafu saa saba mchana wako hifadhini, ndani kabisa ya mbuga ya Mkata, wakiwatazama tembo, huku chakula walichokilipia kikipoa mezani. Ukichukua milo yote, omba cha mchana kifungwe uondoke nacho. Kama hawafungi, lipia kifungua kinywa peke yake na ule mjini. Wali maharage na mboga wa pale umelisha madereva wa njia ndefu miaka yote, na mimi siuoni kama mlo wa dhiki.

Tena fedha ya mlo huo haiendi mbali. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ndio wanaoamka asubuhi wakakuta tembo wamepita shambani. Mgeni akinunua chakula na matunda kwa watu hawa, angalau sehemu ndogo ya faida ya wanyama inawafikia wanaobeba hasara yake.

*

Nauli. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme imebadilisha hesabu ya safari hii. Dar es Salaam hadi Morogoro, daraja la kawaida, mtu mzima alianza kwa kulipa shilingi 13,000, na safari haifiki hata saa mbili na nusu. Kutoka stesheni unakwenda stendi ya Msamvu, unapanda basi la Mikumi, Ifakara au Iringa.

Basi hilo lina zawadi ambayo wengi huisinzia. Barabara kuu hukatiza katikati ya hifadhi kwa kilometa hamsini hivi, na abiria anaona twiga, pundamilia, swala, nyani, mara nyingi na tembo, bila kulipa kiingilio. Kaa dirishani, mpe mtoto nafasi. Ila usirushe ganda la ndizi wala mkate: nyani aliyezoea kulishwa hukaa barabarani, na barabarani ndiko anakogongwa.

*

Kwa anayetokea Dodoma, Kilosa ina stesheni yake kwenye reli mpya, na njia ya kushuka Mikumi hupita Ulaya. Napenda kuupa mji wa Kilosa siku moja. Ni mji wa reli tangu enzi za Wajerumani, katikati ya mashamba ya mkonge, na sokoni mchele na maharage vinauzwa na watu wanaokaa karibu na mashamba yenyewe. Ukipanga kupiga kambi na kujipikia, kapu lako lijae Kilosa.

Lakini angalia kalenda. Machi hadi Mei loji hupunguza bei, na si kwa hisani. Udongo mweusi wa Mkata hunasa magari, baadhi ya njia za hifadhi hazipitiki, na upande wa Kilosa maji si ya kuchezea: mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilifurisha Mto Mkondoa, reli ikaharibika na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Nafuu niipendayo mimi ni ya siku za katikati ya wiki wakati wa kiangazi, kuanzia Juni. Wanyama wamesogea kwenye maji na vyumba havigombaniwi.

*

Gari la kuzungukia hifadhini ndilo mzigo mkubwa, na hapo ndipo ushirika unapolipa. Gari hukodishwa kwa siku, likibeba wawili au sita. Jamaa sita wakichanga, kila mmoja analipa theluthi moja tu ya anacholipa kila mtu wakiwa wawili. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa nje, na watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Getini hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo weka salio kwenye simu au kadi.

Pale pa kubana mkono pamekwisha. Ujira wa mwongoza watalii usiupiganie. Yeye ndiye anayejua simba walilala wapi jana, na kazi yake ni ya msimu. Kiingilio nacho kilipe kwa moyo mweupe: hifadhi hii, iliyotangazwa 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na askari wanaozilinda hawaishi kwa hewa.

*

La mwisho ni la kisheria. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa nchini. Ukipiga simu loji na kujibiwa kwa dola, omba bei kwa shilingi. Uliza kama VAT imo ndani, uliza maji ya kunywa chumbani ni ya bure au ya kulipia, na uombe majibu yote kwa maandishi kabla hujatuma malipo ya awali.