MASHAURI YA NYUMBANI: Msafiri na Jua la Saa Sita



Mwezi huu twataka kunena juu ya safari ya miguu wakati wa jua kali. Katika nchi yetu ya Inyonga miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, ndiyo yenye joto kupita yote. Nayo ndiyo miezi ambayo miombo imepukutisha majani, au ndiyo kwanza inachipua majani mekundu, hata kivuli chake ni kama wavu tu. Pikipiki na magari yapo siku hizi, walakini bado wako wengi waendao kwa miguu: mwalimu wa dini aendaye kitongoji cha mbali siku ya Jumapili, mrina asali aendaye kutazama mizinga yake porini, na mama aliyembeba mtoto.

Watu wengine hudhani ya kuwa jua hushindwa kwa nguvu za mwili. Sivyo. Jua hushindwa kwa kuchagua saa. Wapagazi wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Bwana Stanley alipopita Ukonongo mwaka 1871, akienda Ujiji kumtafuta Dkt. Livingstone, misafara ya nchi hii ilikuwa na desturi ya kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kuwa kali. Maji yakiwa mbali sana, walikuwa na shauri jingine lililoitwa terekeza: walipika na kula penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri ikiisha kupita, wakaenda hata jioni, wakalala pasipo maji, kisha wakaamka mapema na kuyafikia maji ya mbele jua lingali chini. Ilikuwa taabu, wala hawakuipenda. Lakini kwa njia hiyo nchi kavu waliivuka kwa sehemu mbili, na usiku wa baridi katikati.

Basi sisi tufanyeje? Aondokaye saa kumi na moja alfajiri aweza kuwa amefika kabla ya saa nne. Aliyechelewa na angoje hata saa kumi alasiri. Na hapa twataka kusema neno na wenyeji, maana mara nyingi kosa si la msafiri. Mgeni hukamatwa mkono asiondoke mpaka ale; chakula huiva saa sita; akiisha kula huagwa kwa furaha, naye huingia njiani jua likiwa utosini. Ukarimu wa namna hii una hatari. Mpe uji mapema umwache aende, au umtandikie mkeka alale hata alasiri. Wazee wa kanisa nao watazame saa ya ibada: hotuba ndefu ikiisha saa sita, wazee na watoto wa vitongoji vya mbali ndio waulipao urefu wake. Bwana wetu mwenyewe, alipochoka kwa safari, aliketi kisimani yapata saa sita, akaomba maji. Twasoma habari hiyo katika Yohana, mlango wa nne.

Mwili hujipoza kwa jasho, nalo jasho hupoza linapokauka juu ya ngozi. Kwa hiyo nguo iwe pana na nyepesi, ipitishe upepo. Rangi nyeupe au ya udongo hufaa kuliko nyeusi na buluu, tena kwa sababu mbili, kwa kuwa mbung'o hupenda sana kuzifuata rangi hizo za giza. Kofia pana au mwavuli si anasa. Kitambaa kilicholoweshwa, kikiwekwa shingoni, huburudisha sana. Kunywa maji kabla ya kuondoka, kisha kidogo kidogo njiani, usingoje kiu ikuume. Pombe haihesabiwi kuwa maji. Atokaye jasho siku nzima ahitaji pia chakula chenye chumvi, lakini asirambe chumvi tupu. Mtoto wa mgongoni hupata joto la jua na la mama pamoja. Asifunikwe uso kwa kitenge kizito, na mama apumzike mara kwa mara na kumfungua apate hewa.

Kichwa kikiuma, misuli ikikaza, kizunguzungu kikianza, keti kivulini mara moja, unywe, usiendelee siku ile mpaka jua limepoa. Lakini mtu akianza kusema maneno yasiyo na maana, au kuyumba, au kuanguka, na mwili wake ni moto sana, hiyo ni hatari ya kufa, hata kama bado anatoka jasho. Mtoto wa yule mwanamke Mshunami alilia kichwa chake shambani wakati wa mavuno, na adhuhuri akafa.

Twasikitika kwamba watu wakimwona mgonjwa wa namna hiyo husema, "Ni malaria," wakamfunika blanketi. Msimfunike. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na mwingine akimbilie chombo cha kumpeleka zahanati au hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maana maji yaweza kuingia mapafuni, mlazeni ubavu. Njiani endeleeni kumlowesha. Malaria itapimwa huko, naye mganga aambiwe mgonjwa alianguka saa ngapi na alikuwa ametembea tangu lini.